Walimwita Mradi

Jumatatu, 12 Mei
Zamu yangu tena ya chakula cha mchana. Githeri. Mpango wetu wa kukomesha uonevu unaenda vizuri, nadhani. Walimu wote wamefunzwa, wapishi pia, hata askari wa geti. Mtoto asile peke yake. Ila Wakio, yule mgeni wa Gredi ya Saba kutoka Ronge. Akisoma kwa sauti wenzake wanaiga lafudhi yake ya Kidawida. Anakula akiangalia ukuta.

Jumatano, 14 Mei
Nimemsimamisha Wakio mbele ya paredi. Nikawaambia wote wawe marafiki zake. Wakapiga makofi. Mchana meza nzima ilimzunguka. Mwalimu mkuu amenipa mkono. Siku nzuri.

Jumanne, 20 Mei
Wakio hagusi chakula. Zuhura, anayekaa naye dawati moja, amekuja ofisini.
"Mwalimu, wanamwita Mradi. Wanasema ukimsalimia unapewa maksi."
Aibu. Kumbe yale makofi yalikuwa ya dhihaka.

Ijumaa, 23 Mei
Hajaja tangu jana. Shangazi yake, anayeishi naye hapa Voi, anasema amerudi kwa mamake. Naogopa. Mtoto huacha masomo hivi hivi.

Jumamosi, 24 Mei
Nimefika Ronge. Mama yake amenikaribisha chai. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Wakio alikuwa akichambua maharagwe. Nikamwomba msamaha.
"Mwalimu, kabla ya ile paredi nilichekwa na darasa moja tu," akasema, bila kuinua macho.
Harudi. Sikumbembeleza. Ningembembelezea nini?

Jumatatu, 26 Mei
Nimewaeleza walimu wenzangu yote. Hakuna tena kumwita mtoto mbele. Kwanza aulizwe mwenyewe anataka nini. Kisha nikaingia Gredi ya Saba, nikasema kosa langu na lao. Wavulana wawili walioanzisha lile jina waliinamisha vichwa. Zuhura alilia. Laiti ningeyajua haya mapema. Ningemuuliza tu.

Alhamisi, 5 Juni
Shangazi amepita kuchukua vitabu vya Wakio. Ameanza shule karibu na kwao, anasema. Tayari ana rafiki, wanaenda na kurudi pamoja. Nilitaka kuuliza huyo rafiki anaitwa nani. Nikampa vitabu. Si haki yangu tena. Nimefurahi, kweli. Nimemsindikiza shangazi hadi getini, nikarudi kusahihisha insha.