Alama za Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Nimenunua madaftari mawili. Moja la chuo. Hili ni langu mwenyewe, la kuandika nisiyoweza kumwambia mtu.
Leo siku ya kwanza. Nilichelewa kwa kulitafuta darasa. Nilipofungua mlango vijana wote wakasimama: shikamoo mwalimu. Nikaitikia marahaba — sijui kwa nini niliitikia! Kisha nikapita katikati yao nikaenda kukaa nyuma. Kiti chenyewe kina kibao cha kuandikia, tumbo halikupenya. Walijitahidi wasicheke, wakashindwa. Nami nikacheka nao. Ningefanyaje?
Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mashine ya ndoo na mabeseni. Sasa kiwanda kimenileta nisome teknolojia ya polima, yaani mambo ya plastiki, mwaka mmoja, nikirudi niwe msimamizi wa zamu. Meneja alisema mikono ninayo, kilichobaki ni cheti. Mke wangu alipiga pasi shati langu mara mbili. Kila mteja anayekuja kushonewa anaambiwa: mume wangu yuko chuo.

Alhamisi, 14 Machi
Mwalimu wetu wa polima ni mwanamke, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Si mkali. Anasema plastiki ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyoshikana mikono. Hapo nilielewa, nikafurahi kabisa. Kisha akaanza herufi. C, H, mistari, namba ndogo chini ya herufi. Vijana wanaandika. Mimi nachora ninachokiona ubaoni, kama mtoto anavyochora nyumba.
Kijana wa pembeni yangu, wenzake wanamwita Profesa, aliniuliza chinichini kama tuko pamoja. Nikamjibu kuwa haya mambo nayafanya kila siku kiwandani. Si uongo. Ila hakuuliza hilo.

Ijumaa, 22 Machi
Kumi na tisa kwa mia.
Mwalimu aligawa karatasi za jaribio kifudifudi. Namshukuru kwa hilo. Profesa themanini na nne.
Mke wangu aliuliza kabla sijavua viatu. Nikasema sitini na moja. Hiyo namba ilitoka wapi, sijui. Akapiga vigelegele, vigelegele kweli, jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Binti yangu akaja kunipa mkono. Nilikula chakula kama ninayetafuna pamba.

Jumapili, 24 Machi
Kazi ya kufanya nyumbani, maswali sita, inakusanywa Jumanne. Nilikaa nayo tangu tumalize chakula cha mchana mpaka alasiri. Nilichoandika: jina langu na tarehe.
Binti yangu alikuwa mezani na vitabu vyake. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwenye kemia anaongoza darasa zima. Nikamwambia, hebu mwanangu nikupime kidogo. Swali hili ungelijibuje? Akalijibu. Na la pili. Mpaka la sita, akiandika kwenye karatasi huku ananieleza. Mimi natikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Mwishoni nikamwambia vizuri, ila hapa na hapa ungeongeza nyama kidogo. Ungeongeza! Mimi nasema hivyo!
Alipokwenda kuoga, nikanakili yote.

Alhamisi, 4 Aprili
Sabini na nane, kwa kazi ile ya nyumbani. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Maendeleo makubwa, hongera. Akanisimamisha darasani, akawaambia vijana watazame mtu mwenye nia. Wakanipigia makofi. Profesa ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, kijana wa watu.
Alama hizi zinatumwa kiwandani kila mwezi. Hilo sikulijua hadi leo.

Jumanne, 23 Aprili
Imekuwa desturi. Nikirudi jioni naweka maswali mezani, nasema leo nikupime. Naye anasogeza vitabu vyake kando. Hesabu zake, baiolojia yake, vyote kando, anaanza na yangu. Mama yake akipita anatutazama, anasema nyumba hii imekuwa chuo kikuu.
Leo nimeona ameacha nafasi pana kati ya mistari, na kila neno gumu ameliandika kwa herufi kubwa. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu bila kuinua macho:
"Baba, ili usipate shida kusoma. Na hapa nimeandika kama unavyoongea wewe. Isije ikaonekana."
Nikasema "hm." Basi. Nikaichukua karatasi.
Kumbe anajua. Anajua tangu lini? Na kila siku ananiacha niseme nampima, ili nisipate aibu mbele yake. Msichana wa miaka kumi na saba ndiye anayenisitiri.
Na bado nilinakili. Hilo niliandike hapa, nisije nikajifanya nimesahau.

Jumatano, 15 Mei
Leo karakana. Siku yangu, nilidhani.
Walikuwa wanatengeneza vigurudumu vya nailoni. Kila kimoja kinatoka na michirizi ya rangi ya fedha usoni. Mtunza karakana amepandisha joto, ameshusha joto, ameongeza shinikizo, wapi. Mimi nilisikia tu. Plastiki ilikuwa inatatarika ikitoka kwenye pua ya mashine, mlio mdogo kama chumvi kwenye moto. Nikauliza mfuko wa nailoni ulifunguliwa lini. Wiki iliyopita, na haukufungwa. Nikawaambia imekunywa unyevu, ikaushwe kwanza. Tukaikausha kwa muda wa saa nne. Vikatoka safi, vinang'aa. Vijana wamenizunguka, Profesa anapiga picha. Nilijisikia mtu tena.
Ndipo mwalimu akasema, kwa nia njema kabisa: hebu waeleze, kwa nini nailoni inakunywa maji na plastiki ya ndoo hainywi?
Sikujua.
Akanikumbusha: si uliieleza vizuri sana kwenye kazi ya wiki iliyopita, ukurasa wa pili? Akanipa chaki. Nikasimama mbele ya ubao. Niliyaona yale maandishi kichwani, mwandiko wangu, nafasi pana za binti yangu, lakini maneno hayakuja. Nikasema nimesahau miwani.
Miwani ilikuwa imening'inia shingoni.
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu alinitazama kidogo, akaichukua chaki mkononi mwangu taratibu, akaeleza mwenyewe.

Alhamisi, 16 Mei
Sikwenda. Nimesema tumbo. Mke wangu amenipikia uji na kunifunika shuka.

Jumatano, 29 Mei
Meneja amepiga simu. Ameona alama. Anasema kwenye kikao walinitaja, wazee wengine wa mashine nao wapelekwe chuo kwa mfano wangu. Niliisikiliza simu nimesimama, kama mwanajeshi.
Mwalimu hajaniuliza kitu tangu siku ile. Ananisalimu vizuri. Hanisimamishi tena darasani, hanitolei mfano.
Jioni nilijaribu swali moja peke yangu. Moja tu. Nililifikisha katikati. Binti yangu akaja, akaketi, akanyoosha mkono kuomba karatasi. Nikampa.

Ijumaa, 14 Juni
Matokeo ya binti yangu ya mtihani wa majaribio yametoka.
Kemia tisini na tatu. Hajawahi kupata hivyo. Mengine yote yameanguka. Hesabu arobaini na moja, baiolojia thelathini na nane. Alikuwa wa tatu darasani, sasa wa ishirini na sita. Mwalimu wake wa darasa ameandika chini: Mzazi afike shuleni.
Mama yake alisoma mara mbili, akaweka cherehani pembeni. Yeye si mtu wa kupiga kelele. Aliuliza inawezekanaje somo moja lipae na mengine yafe. Akajijibu mwenyewe: kuna mtu anamfundisha kemia. Kuna kijana.
Binti yangu akasema hapana mama. Mama yake akataka jina. Hapana mama, hakuna. Akamnyang'anya simu, akapekua, hakukuta kitu, na kutokukuta kitu kukamwudhi zaidi. Akasema atampeleka akakae kwa mama mkubwa, dada yake mkubwa, ambaye nyumbani kwake hata redio huwashwa kwa ruhusa. Shuleni atakuwa anakwenda akitokea huko, mpaka amalize mtihani wa mwisho.
Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo. Binti yangu alitazama meza. Hakunitazama hata mara moja, alihakikisha hanitazami.
Mama yake akanigeukia: baba yake, sema neno.
Nikasema:
"Msikilize mama yako."
Hayo ndiyo niliyoyasema. Sauti yangu ilikuwa ya baba mwenye nyumba.

Jumamosi, 15 Juni
Nilimfuata uani asubuhi, anaanika nguo. Mama yake amekwenda sokoni kununua vifungo. Nikamwambia nitasema ukweli. Aliendelea kuanika. Shati langu la chuo, akalikung'uta, akalinyoosha kola.
Akasema kama nitasema, wataniondoa chuoni, na kiwandani nitarudi kama nani? Na mama atawaambia nini wateja wake? Amekwishahesabu yote. Kwa mama mkubwa ni miezi minne tu, anasema, atasoma huko, atafaulu.
Nikamuuliza: na hili la kijana?
Akalibana shati kwenye kamba. Kisha akasema, "Hilo ndilo linaloniuma, baba. Mama ananitazama kama hanijui."
Nikashika kipande kimoja cha nguo ili nimsaidie, nikakianika vibaya, akakitoa akakianika upya. Mtoto amepanga nani aumie na kwa muda gani, na mimi nimepangiwa nisiumie.

Jumatatu, 17 Juni
Nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa polima kabla ya kipindi. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyakariri. Nikagonga. Alikuwa peke yake, akaweka kalamu chini, akasema karibu, kaa. Aliniacha nivute pumzi. Nadhani alikuwa ananisubiri tangu siku ya nailoni.
Nikauliza kama ratiba ya wiki ijayo imebadilika.
Akasema haijabadilika. Akasubiri tena. Nikashukuru nikatoka.
Kwenye ngazi nikakutana na Profesa. Akaniuliza kama niko sawa, mbona jasho. Nikasema ngazi hizi, mwanangu.

Jumanne, 18 Juni
Begi la binti yangu liko karibu na mlango. Mama yake ndiye aliyelipanga. Kesho shuleni, Jumamosi kwa mama mkubwa. Maswali mapya ya chuo nimeyaacha kwenye mkoba, sikuyatoa. Binti yangu aliyaulizia kwa macho. Nikatikisa kichwa kukataa.

Jumatano, 19 Juni
Naandikia magotini. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu wa darasa, shuleni kwa binti yangu. Niliomba ruhusa chuoni, nikafika nimechelewa nusu saa. Wako ndani, yeye na mama yake. Mlango haujafungwa vizuri. Nimeshindwa kugonga, ndiyo maana nimetoa daftari. Mtu akiandika huonekana ana kazi.
Nasikia karibu kila kitu. Mwalimu ni mzee mwenye sauti ya upole. Anasema amesomesha miaka mingi, hajaona mtoto kuanguka hivi bila sababu. Anashauri aachane na masomo ya sayansi, achukue mepesi zaidi, maana kemia peke yake haitambeba. Binti yangu anataka kuwa mfamasia tangu ana miaka tisa.
Mama yake anasema tatizo si sayansi, tatizo ni huyo mtu. Sauti yake imekatika hapo katikati. Sijamsikia akilia tangu msiba wa mama yake.
Mwalimu anamuuliza binti yangu, polepole, kama kuna mtu mzima anayemsumbua. Mtu mzima. Mungu wangu.
"Hakuna, mwalimu. Ni uzembe wangu tu."
Ni uzembe wangu tu. Amelisema vizuri, bila kukwama, kama jibu alilokwisha kuliandika mahali likasahihishwa.
Sasa mama yake: muulizeni baba yake, yeye ndiye anakaa naye mezani kila jioni. Huyo mtu, kama yupo, baba yake hawezi kukosa kumjua.
Kiti kinasogezwa. Mwalimu ametokeza mlangoni. Ameniona, ametabasamu, ananiita mzazi. Anasema karibu, tulikuwa tunakusubiri wewe.
Nimemwomba dakika moja.
Mlango sasa uko wazi wote. Naona mgongo wa binti yangu, sare yake, shingo. Hajageuka, lakini anajua niko hapa, kwa sababu anatikisa kichwa, kidogo sana, kunikataza. Mke wangu amejifuta macho na amesogeza kiti kitupu karibu yake, anakipangusa vumbi kwa kiganja ili nikae.