Kivinjari cha Chumbani kwa Baba

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Chai, viazi vitamu, dawa ya macho. Baba alisema dawa yote naimwagia shavu. Kweli, nilimwagia shavu.

Likizo yangu yote nitaimalizia hapa Malinya. Karatasi za mitihani za wanafunzi wangu wa chuo kikuu nimeziacha mjini, na mume wangu pamoja nazo. Hawezi kuzisahihisha, lakini atazilinda.

Macho ya Baba yamerudi nyuma tangu Pasaka. Gazeti halisomeki tena. Nilimpa simu yangu akaisukuma: “Siwezi kusoma dunia kwenye kitu sawa na kipande cha sabuni.” Mwalimu wa historia, hata akistaafu, hutaka dunia iwe pana. Imebaki kompyuta yake, ile ya mezani ya zamani, yenye kioo kilichofura mgongo kama televisheni za kale. Huiwasha kila asubuhi. Anasema magazeti yote yamemfungia mlango.

Nadhani najua sababu. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za mtandao, ni cha kale mno, na tovuti za leo hazikiamini tena. Ninasema “nadhani” kwa sababu sijakiona. Kompyuta iko chumbani kwake, na kwetu binti aliyeolewa haingii chumba cha kulala cha baba yake. Mtoto wa kiume aliyeoa vilevile. Hilo halijadiliwi. Wala sijawahi kutamani kulijadili.

Mchana nilikwenda Kakamega mjini, nikapakua kivinjari kipya kwenye flashi. Kimetengenezwa na watu wanaojitolea kwa ajili ya mashine za umri huu. Nilifurahi kujua kuwa watu hao wapo.

Jumamosi, 2 Agosti

Alfajiri Baba aliitoa kompyuta mwenyewe, kipande kwa kipande, akaipanga juu ya meza ya sebuleni. Hakukubali tumsaidie kuvuka kizingiti. Kisha akaondoka na Shivachi, kaka yangu, kwenda kuona fahali wakipigana. Shivachi, anayeniita Daktari kwa ajili ya shahada yangu, aliniachia neno mlangoni: “Daktari, huyo ni ng’ombe mzee. Hata ukimnywesha molasi hapigani tena.”

Nilifanya kazi nikisikia ngoma za isukuti zikipigwa kwa mbali uwanjani. Diski ni ndogo na ilikuwa imejaa. Kipya hakikuweza kuingia bila kitu kingine kutoka. Nikaondoa kile cha kale. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao. Ikauliza kama niondoe na mipangilio yake yote. Nikakubali hilo pia, kwa sababu napenda kazi safi. Sikukifungua hata mara moja kabla ya kukiondoa. Sikuona haja.

Jioni Baba alisoma gazeti kwa herufi kubwa kama za kufundishia chekechea. Alisoma mpaka matangazo ya mazishi. Alicheka. Nilijiona mtoto mwema.

Amerudisha mashine chumbani mwenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Hakutoka kunywa chai. Hakwenda kanisani. Nilibisha, akajibu kuwa yuko mzima. Sauti haikuwa ya mtu aliye mzima.

Alipotoka alikaa chini ya paa la jikoni, mgongo kwangu. Nikamuuliza kama macho yanauma. Akasema, “Mama yako hayupo.”

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Kaburi lake liko hatua chache kutoka pale alipokaa.

Hofu. Nilimwambia Shivachi kwamba huenda akili ya Baba imeanza kuteleza. Tukakubaliana kumtafutia daktari mjini. Nimeandika hapa neno “kusahau”, nikalikata. Nimeliandika tena.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilikosea. Hajasahau kitu.

Tulikuwa zizini, mimi na Baba. Alizungumza na ndama, si nami. Ndiyo njia pekee ambayo angeweza kulisema, na ndiyo njia pekee ambayo ningeweza kulisikia. Nitaliandika jinsi nilivyolielewa.

Mama alikuwa muuguzi, zamu ya usiku. Baba alikuwa akiamka kabla Mama hajarudi kutoka wodini. Mwaka waliponunua kompyuta, Mama alikwenda kujifunza kwenye saiba moja mjini, duka la kukodisha kompyuta zenye mtandao, akatengeneza ukurasa mmoja. Mmoja tu maishani mwake. Akauweka ndani ya mashine, uwe wa kwanza kufunguka Baba anapowasha kivinjari. Haukuhitaji mtandao. Ulikuwa ukimsalimu. Amesalimiwa hivyo kila asubuhi, Mama akiwa kazini, kisha akiwa amestaafu na amelala palepale nyuma yake, kisha akiwa kaburini.

“Jana nimewasha,” alimwambia ndama. “Ni kweupe tupu.”

Binti aliyezaliwa nyumba hii hakujua. Angejuaje? Kila mtu aliishika adabu yake, nami nikafuta salamu ya mama yangu kwa mkono safi.

Najiuliza kama mila ndiyo iliyokosa au mimi. Mila ilinizuia kuingia chumbani. Haikunizuia kuuliza. Wala kufungua kitu kabla ya kukiondoa, kikiwa mbele yangu sebuleni, na asubuhi nzima ni yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Mashine imetolewa tena. Shivachi aliiangalia ikivuka kizingiti, akasema fahali akitolewa mara mbili kwa wiki lazima kuna ugomvi. Hakuna aliyecheka. Alikwenda kukata majani.

Nilitafuta. Sikutarajia. Lakini ukurasa wenyewe haukufutika. Nilichofuta ni kivinjari na kumbukumbu ya mahali ulipo. Niliukuta ndani ya folda yenye jina la Mama. Nikaufungua kwa kivinjari kipya.

Rangi ya samawati. Maua pembeni, makubwa kupita kiasi. Katikati, kwa manjano: *Karibu, Mwalimu. Umekula?*

Sikuwahi kuona maandishi ya Mama yasiyokuwa ya kipimo cha dawa. Nililia kidogo, nikamwita Baba.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. “Ni yeye,” alisema. “Lakini mbona hapumui?”

Nilipolichunguza faili nikaelewa. Mama aliyapa maneno amri ya kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Vivinjari vya sasa haviitambui amri hiyo. Viliiacha kwa sababu ilionekana ya kishamba na ya kuchosha macho. Nakiri kwamba nisingejua historia hii ningesema hivyohivyo.

Nikasoma maelekezo, nikaandika mistari michache ya amri za kisasa. Maneno yakaanza kuwaka na kuzima. Nikamwita tena. Nilikuwa na haraka ya kusamehewa.

Alitazama. Akatikisa kichwa, bila hasira. “Huyo ni wewe, Muhonja. Yeye hakimbii hivyo.”

Nikapunguza kasi. “Bado ni wewe.”

Nikapunguza tena, kisha nikaacha. Ningeweza kuendelea mpaka achoke na kukubali. Mzee aliyechoka hukubali mengi. Nimeifuta mistari yangu yote. Ukurasa umebaki jinsi Mama alivyouacha, ila hauwaki.

Usiku huu kila kitu kimebaki mezani. Chumbani kwake hamna mlio wowote.

Jumatano, 6 Agosti

Ni lazima kivinjari cha kale kirudi. Kwenye mtandao nimepata matoleo yanayokikaribia. Hakuna hata moja linaloanza kwenye mashine hii.

Baba hakugusa ugali wala kuku. Anasema ni joto. Mvua imenyesha tangu mchana.

Anapokea dawa ya macho kwa utulivu sasa. Halalamiki kuhusu shavu. Ningetoa mengi alalamike.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilimtafuta mwalimu wa Mama wa kompyuta. Bi Zainabu, mzaliwa wa Mumias. Saiba ilikufa zamani; siku hizi anashona sare za shule katika chumba kilekile. Niliingia kwa “Asalaam aleikum” kama Mama alivyotufundisha kuwaamkia watu wa Mumias. Aliitikia, akavua miwani, akanitazama.

“Wewe ni wa Sista! Hiyo pua nimeifundisha mimi.”

Sista ni Mama, kwa jina wanaloitwa wauguzi. Nikamweleza nilichokifanya. Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

“Sista alikuwa anakujanga hapa akitoka zamu,” alisema. “Viatu vyeupe, usingizi machoni. Mara ngapi amelalia kibodi! Nikamwambia, Sista, hayo maneno ya kuwakawaka yanachosha watu. Unajua alinijibu nini? ‘Mwalimu hasomangi kitu kimelala. Lazima kimkonyeze.’”

Kimkonyeze. Sikujua nitazame wapi. Yeye alijua, akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kidogo ili nipate nafasi.

Diski zake nyingi za CD zimening’inia shambani zikifukuza ndege wasile mtama. Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini ile yenye kivinjari cha kale hakuitundika. Ilikuwa ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Alisema ndiyo aliyowaanzishia wanafunzi wake wote, na hakuona vyema ndege waichezee. Nikamwahidi kuirudisha. Akasema nisiirudishe mimi, aje nayo Mwalimu mwenyewe, anywe chai.

Njiani nilifikiri. Baba anaona pumzi. Mama alikusudia kukonyeza. Watengenezaji wa vivinjari waliona kero. Sina uhakika kuwa yeyote kati yao amekosea. Nina uhakika kuhusu mtu mmoja tu, aliyekuwa na uhakika.

Ijumaa, 8 Agosti

Diski ilikwama mara ya kwanza. Ikalia kama mahindi yakikaangwa. Shivachi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kichwani. Niliitoa, nikaipangusa kwa kanga, nikairudisha. Mara ya pili ilikwenda.

Kabla ya hapo nilihitaji nafasi kwenye diski ya mashine. Nimeondoa mchezo wa karata, na kamusi ya Kifaransa. Kila kimoja nilikifungua kwanza. Nilimwuliza Baba. Karata alizikumbuka kwa muda, kisha akaziruhusu. Kamusi hakuna aliyewahi kuijua.

Sasa vivinjari ni viwili. Kipya ni cha magazeti. Kile cha kale nimekizuia kisifike mtandaoni, kwa maana humo hakina ulinzi wala marafiki. Kazi yake ni ukurasa mmoja.

Nilikianzisha. Samawati, maua, manjano. Maneno yakawaka. Yakazima. Kasi yake haikuwa yoyote kati ya zile nilizojaribu. Nzito zaidi, na kuzima kwake ni kufupi kuliko kuwaka.

Shivachi alisema, “Kumbe,” akatoka nje.

Nilimwita Baba, nami nikatoka kabla hajafika mezani. Kuhusu kukonyeza sikumwambia. Hilo nalo ni la chumbani.

Hakutoka kusema kama ni yeye au siye. Nilipopita dirishani alikuwa akichomoa nyaya mwenyewe, polepole, akirudisha kipande kwa kipande.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka mapema. Moto umekubali kwa kiberiti kimoja. Ndama analia, Shivachi hajaamka.

Kesho kutwa narudi mjini. Sijui kama nimetengeneza kitu au nimerudisha tu nilichovunja. Mashine ni nzee. Siku moja itakataa kuwaka, na hakuna diski ya hilo. Nililitaja jana. Baba akasema anajua, yeye pia ni mzee.

Nilikuwa sebuleni nikipanga vikombe. Nyuma ya mlango wake nikasikia mashine ikivuta pumzi yake ndefu ya kuamka. Kisha mlio wa kiti.

“Bado sijala,” alijibu Baba mle ndani. Hakuwa akisema nami.

Nikaenda kupakua viazi.