Baba Sufiani, Uliyetukalisha Chini

Umetimia mwaka sasa, Baba, tangu ulipojinyoosha baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwako Mnyuzi, na hukuamka tena. Hadi leo, jua likianza kulegea, tunahisi upo uani, chai yako ya tangawizi ikipoa pembeni, nasi tunapita kwa kunyata tusikushtue.

Ulikuwa mpole na mtani, ila kwa ubishi hukuwa na mfano. Ulipostaafu kazi ya shamba la mkonge tulidhani utapumzika. Wewe ukatandika magunia, ukaita vitoto vya mtaa mzima vije kucheza, pamoja na mama zao. Mama aliyetaka kumwacha mtoto na kwenda zake ulimrudisha: "Keti, mwanangu. Mtoto anakutaka wewe, mimi nasindikiza tu."

Mjukuu wako Awadhi miguu yake haina nguvu. Baba yake, Muhsin, alimweka chumbani kwa kuogopa midomo ya watu. Siku ulipomtoa, wenzake walikimbia huku na huko, yeye akabaki peke yake. Hukumgombeza mtu. Ulivua kofia, ukalala kifudifudi, ukaanza kutambaa.

"Leo hapa hakuna kusimama!"

Wakatambaa watoto, wakatambaa na mama zao, khanga zikaburuzika vumbini, na Awadhi akawapita wote. Tulicheka mpaka machozi.

Hukuwa na haraka na mtoto. Akigonga bati, nawe uligonga. Akinyamaza, ulisubiri.

Ulipotutoka tuliogopa jambo moja tu, na likawa. Muhsin alimrudisha Awadhi ndani. Mtoto akawa anagonga mlango, anasikiliza, anagonga tena. Mkeo, Mama Mwantumu, akashindwa kuvumilia: "Muhsin, mwanao anakusemesha. Mjibu!" Muhsin akasita, kisha akagonga. Ndani kikasikika kicheko. Akafungua mlango huku analia.

Sasa sikia hili, Baba. Juzi Muhsin alimpandisha Awadhi mabegani, akapita naye katikati ya gulio, polepole, akisalimia kila mtu. Mama mmoja muuza dagaa akauliza, "Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu!" akajibu, kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

Unakumbukwa na mkeo Mwantumu, wanao Muhsin na Hafsa, mkweo Shamimu, mjukuu wako Awadhi, na mama wote uliowachafulia khanga. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Daima umo mioyoni mwetu, Baba.