Baba Amemuuza Birba

Noemi, baba amemuuza Birba. Mbwa wangu! Amemuuza!

Eti Novemba ina joto kama kiangazi cha Julai, mvua hakuna, udongo mkavu, uyoga wa chini ya ardhi anaotunusia Birba hauoti. "Mbwa anakula bure tu, mwanangu."

Na kamuuzia nani? Ottavio! Yule yule anayetunyemelea msituni kila mwaka ajue tunapochimba!

Nikasema mbele ya Ottavio, "Hujauza mbwa, baba. Umeuza miti ya siri ya babu." Birba anajua kila mti wenye uyoga chini yake, Noemi. Mvua ikinyesha tu, atampeleka Ottavio moja kwa moja.

Ottavio akacheka. "Binti ana ulimi huyu!"

Birba alinitazama kupitia dirisha la gari la Ottavio, akitikisa mkia. Alidhani tunakwenda wote kazini.

Mama anataka nimwombe baba msamaha. Siombi. Siombi, Noemi.