Muhuri wa Jumatano

Nyumba za Wafanyakazi,
Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Kwa kawaida hapa ndipo ninapokuuliza hali, nawe unanijibu kwamba u mzima wa afya, hofu ni kwangu tu. Leo siulizi. Hali yako naijua tangu Jumatano saa nne asubuhi.

Mimi mwili hauna neno. Mke wangu anakusalimu sana, ingawa siku hizi nne ananitazama kwa wasiwasi, maana jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote.

Unajua niko bima, lakini sikuwahi kukueleza nafanya nini hasa. Nilipenda mdhani mimi ni mkubwa. Kazi yangu ni kusoma maombi ya matibabu na kugonga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Maombi hunifikia yakiwa na namba tu, majina yamefutwa, ili tusimpendelee mtu. Chini ya kioo cha meza yangu kuna orodha ya mambo ya urembo ambayo bima hailipi, niliyoachiwa na karani aliyenitangulia. Makunyanzi, kuondoa. Matiti, kutengeneza. Meno, kung'arisha. Miaka sita nimeifuata bila kuuliza.

Jumatano ikaja rufaa ya mtu niliyemkataa mwezi uliopita, imeandikwa kwa mkono. Dada, nilidhani ni mwandiko wangu. Kweli kabisa, nilijiuliza nimeandika lini. Ile "k" yenye mguu mrefu, zile nukta za "i" zilizo kama viduara. Ndipo nikakumbuka kwamba mwandiko huo si wangu. Ni wewe uliyenishika mkono ukanifundisha, kabla hujaajiriwa kufundisha darasa la kwanza la watoto wa wenzio.

Uliandika: "Nilikatwa titi la kushoto kwa saratani mwaka jana. Najaza mchele kwenye soksi nivae. Nikiinama kusahihisha daftari la mtoto, inahama, na watoto wanaona. Siombi urembo. Naomba niweze kuinama."

Saratani, Dada? Mwaka mzima unaniandikia "mzima wa afya"? Nimekasirika, sikufichi. Najua mambo ya kifua dada hamwambii mdogo wake wa kiume, na hapa nayaandika uso ukiniwaka. Lakini ulilazwa, ukapasuliwa, nami wakati huo nakujazia kurasa mbili za bomba la jikoni kuvuja!

Kisha mtu aliyekugongea muhuri wa kukataa akawa mimi. Naikumbuka hata saa yenyewe, kwa sababu nilikuwa naharakisha kwenda kula.

Nililibeba faili hadi kwa mkuu wetu, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama Kanuni. Nikamwambia huyu ni dada yangu, siruhusiwi kuligusa. Hakunigombeza. Alitoa kitabu cha masharti ya bima, ambacho kimekaa rafuni tangu niajiriwe na sijawahi kukifungua, akanisomea kwamba kurudisha kiungo kilichoondolewa kwa ugonjwa ni sehemu ya matibabu. Imeandikwa hivyo siku zote. Orodha yangu ilihusu watu wasiougua chochote.

Akafunga kitabu, akaniuliza, "Wangapi?"

Tulipekua mafaili Alhamisi na Ijumaa kutwa. Wanawake kumi na saba, Dada. Aliyekata rufaa ni wewe peke yako. Wengine wote waliuamini muhuri wangu wakanyamaza.

Ombi lako alipewa karani mwingine, na Ijumaa jioni likakubaliwa. Bahasha ya ofisi itafika wiki hii, ifungue bila hofu. Yale mengine yanafunguliwa upya. Orodha nimeitoa chini ya kioo nikaichana. Mama Kanuni amesema kila mwanamke ataandikiwa barua ya radhi, na mwandishi ni mimi, kwa mkono, moja moja. Basi wataombwa radhi kwa mwandiko wako.

Nimeomba likizo. Siku ya upasuaji nitakuwa kwenye benchi nje ya mlango, na ukitolewa, kama aibu itatushika, nitatazama dari.

Msalimie shemeji, mwambie mimi naye tuna kesi, maana amenificha na yeye. Msalimie mpwa wangu Kisigino, na mama mkwe wako. Mungu akushike mkono kama ulivyonishika wangu.

Ukinijibu, usianze na "mzima wa afya". Anza na ukweli, hata ukiwa mchungu nitausoma.

Nisamehe, Dada. Hii ndiyo barua ya kwanza kati ya zile kumi na saba.

Wako akupendaye, na leo mwenye haya,
Mdogo wako.