Koti la Rangi ya Siri

Hanover Park, 15 Septemba 1996

Binti yangu Faldiela,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Perth na baridi imeanza kupungua. Mimi sijambo, ila goti. Jirani yetu Bi Gadija anakusalimu. Bado ananiletea koesister, yale maandazi yake ya sharubati, kila Jumapili asubuhi, utadhani mimi ni yatima.

Nina shida ya kitambaa. Kundi letu la ngoma lilipogawa satini ya makoti ya maandamano ya Mwaka Mpya wa Pili, tarehe mbili Januari, wenzangu walipeleka yao kwa fundi. Mimi nikaleta yangu nyumbani. Tangu nioe sijavaa koti la fundi siku hiyo. Yote alinishonea mama yako. Cherehani yake imefunikwa tangu Ramadhani, tangu tumzike. Nikasema basi, nitashona mwenyewe. Usicheke.

Satini inateleza kama sabuni, kingo zinachambuka, mshono unajikunja. Na mama yako alikuwa anaimba huku anaishona. Usione vyaelea, vimeundwa. Nieleze la kufanya. Rangi usiniulize. Unajua haitajwi mpaka siku yenyewe, hata kwa mtoto wa kumzaa.

Baba yako,
Gasant

*

Perth, 2 Oktoba 1996

Baba mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, kazi tu. Pole na goti. Nilipoisoma barua yako nilicheka, unisamehe, kisha nikalia kidogo. Wewe na cherehani, Baba? Hata kifungo kikikatika ulikuwa unamsubiri Mama.

Haya, sikiliza. Toa hiyo sindano, weka mpya, nyembamba kabisa. Pini usichome katikati ya kitambaa, maana tundu la satini halizibiki. Piga bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, pembeni kabisa, ndani ya mshono. Chini weka karatasi laini, shona vyote pamoja, kisha ichane karatasi utoe. Pasi iwe kavu na isiwe ya moto sana; tone la maji likianguka, doa litabaki hapo. Na kabla hujakata, hakikisha vipande vyote vinaelekea upande mmoja, juu iwe juu, chini iwe chini. Hilo ndilo kubwa.

Huku nikirudi kutoka kazini nawasha redio kwanza, ndipo navua viatu. Nyumba ina kimya sana.

Mwanao,
Faldiela

*

Hanover Park, 20 Oktoba 1996

Binti yangu,

Salaam nyingi. Goti limetulia, ila mkono umetobolewa na sindano kila mahali. Karatasi imesaidia, mishono imenyooka. Lakini lile ulilosema ni kubwa limenikuta nimeshakata. Kitambaa kilikuwa hakitoshi, nikageuza kifua cha kushoto kichwa chini, kikaenea vizuri. Nikajiona fundi hasa.

Ndani ya nyumba koti halikuwa na kasoro. Jana nikalitoa uani. Jua lilipolipiga, kulia kukang'aa, kushoto kukawa kama kumelowa. Koti moja, rangi mbili. Nikampelekea kapteni wetu, Moegsien. Satini imekwisha, na waamuzi wa maandamano wanakata alama makoti yasipofanana. Akaniambia, "Boeta Gasant, nakuheshimu kama baba, lakini na hilo mstarini huingii."

Faldiela, nilitaka kutembea na koti lililotoka kwenye cherehani ya mama yako. Mwaka huu sina lingine ninalolitaka.

Baba yako

*

Perth, 5 Novemba 1996

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Nimeumia kusikia hayo. Nitumie kipande, nitazunguka maduka ya hapa nikutafutie satini inayofanana.

Najua utasema rangi ni siri. Basi acha nikwambie. Kila Novemba Mama alikuwa ananitumia kipande cha satini ya mwaka huo, kidogo kama stempu, na kikaratasi: "Funga mdomo." Ninavyo vyote, tangu nihamie huku. Mwaka huu Novemba imefika. Kila jioni nafungua sanduku la barua, na najua hakuna kitu, lakini nafungua. Mlimzika alasiri ile ile, mimi hata tiketi sijapata. Kama hakitafaa kwa kununulia kitambaa, nitumie tu kiwe changu.

Mwanao,
Faldiela

*

Hanover Park, 24 Novemba 1996

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Kumbe. Na mimi miaka yote hiyo naapa mbele ya kundi kwamba nyumbani kwangu siri haitoki. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Bi Gadija akaja kugonga mlango.

Kitambaa cha huko kisingewahi. Moegsien amenipa koti la fundi, lilikuwa la mwenzetu aliyelazwa. Linanibana kwapani, lakini nitalivaa. Kukaa ndani siku ile nikisikia ngoma zinapita, hapana, siwezi.

Langu nilikaa nalo mapajani siku nyingi. Halafu nikafumua mabega, nikalipunguza. Kipande ulichoomba ni hiki, nimekutumia chote. Vipimo vyako vya siku hizi sivijui. Nimetumia vya mama yako, alivyoviandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati.

Usilivae kabla ya tarehe mbili. Najua huko huna wa kumwonyesha, lakini siri ni siri.

Baba yako

*

Perth, 2 Januari 1997

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai umetembea vizuri na kwapa ziko salama.

Kumbe ni zambarau. Barua niliisoma, lakini kifurushi cha koti nilikiacha juu ya kabati wiki nzima bila kukifungua, nikakusikiliza. Leo nimelivaa, nikatoka uani. Jua la huku ni kali, na kushoto kumelowa kweli kama ulivyosema. Mama wa nyumba ya pili, ambaye hatujawahi kusemezana, akanyanyuka juu ya uzio akaniuliza mbona upande mmoja umefifia. Nikamwambia baba yangu alilikata vibaya. Akasema limeshonwa vizuri lakini. Nikamwambia ndiyo, lile la kushona alijitahidi.

Ni jioni sasa, jasho linanitoka, na bado sijalivua. Mabega yamenikaa sawasawa, Baba. Sikujua kama nimefikia vipimo vya Mama.

Mwanao,
Faldiela