Nibu ya Mkono Mwingine

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Za kazi ya uuguzi huko wodini, na mgongo wako unaendeleaje? Mwambie shemeji koti lake limenikaa vizuri, ila mikono imepita vidole. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia.

Uliniuliza karani wa karakana ya kalamu za wino anafanya nini. Mteja akija, simuulizi anataka nibu, ile ncha ya chuma inayoandika, nyembamba au nene. Fundi anasema mtu hajui mkono wake, kama asivyojua anavyokoroma. Nampa karatasi na kalamu tatu za majaribio, anaandika mistari sita, nami naipeleka karatasi chumba cha nyuma. Fundi hamwoni mteja kabisa. Huiinamisha karatasi dirishani, akatazama wino ulipokolea na ulipokatika, kisha huchagua nibu, huinoa, na kutaja wino wa kuifaa. Miaka thelathini hajakosea, na hachoki kutukumbusha.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu, mpole, suti imenyooshwa kwa pasi. Alitaka kalamu ya kumwandikia binti yake aliye mbali. Binti amelalamika kwamba barua zilizopigwa chapa hazina baba ndani yake.

Juzi alirudi nayo. Alisema taratibu kwamba kalamu ni nzuri mno, labda imemzidi yeye; nibu inachimba karatasi na wino unakatika katikati ya neno. Fundi akatoka mwenyewe, akaijaribu, ikateleza kama sabuni. Akaitoa ile karatasi ya majaribio ya mwalimu kwenye jalada, akaitazama, akamtazama mwalimu, akavua miwani na kumwomba radhi. Mwalimu alinitupia jicho mara moja tu. Hakunitaja.

Tangu hapo Fundi hajagusa nibu. Alianza kumwonyesha mkewe zana za kuuza, akisema jicho likishamdanganya fundi, heri aache kabla hajaaibika. Mkewe alimwambia aache kususa kama mtoto aliyenyimwa uji. Siku nyingine Fundi angecheka.

Dada, jicho la Fundi halikukosea. Siku ile ya kwanza mwalimu aliposhika kalamu, mkono wake ulitetemeka hata ukagonga chupa ya wino. Akauficha chini ya meza, akaniomba nimwandikie mimi, eti amesahau miwani. Miwani ilikuwa usoni. Nilimwonea huruma, nikaandika mistari yote sita kwa huu mwandiko wangu unaousifia, na juu ya karatasi nikaweka jina la mwalimu. Kwa hiyo alipewa nibu nyembamba, ngumu, na wino mzito unaokauka upesi. Inanifaa mimi barabara. Mkono wake ulitaka nibu nene, ncha ya mviringo, na wino mwepesi usiongoja kusukumwa. Nimekaa siku mbili nikimwona Fundi anafungasha zana, bila kumwambia, kwa woga wa kufukuzwa.

Leo mchana nimemwambia. Nilijua nimefukuzwa. Kwanza alicheka, akamwita mkewe aje asikie kwamba macho yake hayana neno. Kisha kicheko kikamkauka. Akaniuliza kama nilidhani hajawahi kuona mkono unaotetemeka. Akavuta droo na kunionyesha karatasi za wateja wa namna hiyo, mistari imepinda kama njia za mchwa, na kila mmoja wao alipata kalamu yake. Akasema kesho niende nyumbani kwa mwalimu na zile kalamu tatu, nisirudi bila mistari sita aliyoiandika mwenyewe.

Wewe kila siku unawaomba watu wakuonyeshe wanachokificha. Najua jibu lako litanikuta nimeshakwenda, lakini niandikie hata hivyo, unaanzaje? Nimepanga maneno jioni nzima na nimebaki na sentensi moja tu, ya kumwambia kwamba siku ile nilipaswa kumsubiri aandike mwenyewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na usibebe wagonjwa peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye hofu lakini mzima.